Dakika Ishirini

Daugavpils, mwezi wa kumi. Wahudumu wanapita na ndoo ya gundi,
wanabandika vipande vya gazeti kwenye nyufa za madirisha,
maana joto ni ghali na baridi haibishi hodi.
Chumba chetu kiko chini ya ngazi. Nacho kikazibwa.

Humu ndimo inamooshwa ile mipira mirefu yenye jicho
inayoshushwa kooni mwa watu kutazama vidonda.
Sabuni kwanza, brashi, maji, kisha beseni la dawa.
Jina la dawa ni refu kuliko mpira wenyewe.
Sisi tuliiita Tufaha,
kwa sababu inanuka tufaha lililosahauliwa kabatini
likaoza peke yake.
Dakika ishirini, zisipungue. Hakibaki kijidudu hata kimoja.
Tunabaki sisi.

Skaidrīte alikaa na Tufaha miaka kumi na tisa.
Vidole vikashika rangi ya majani makavu ya chai.
Huyu ndiye aliyemfumia kila mtoto wa jengo lao
glavu za sufu, nyota nyekundu mgongoni mwa mkono;
yeye akapewa za mpira mwembamba
ambazo dawa huzipenya kimyakimya
huku mwenyewe unajiona umevaa.
Husemwa mganga hajigangi.
Naona aliyeyasema hayo alikuwa mgonjwa
aliyekwisha kupona, yuko mlangoni, anaaga.

Yalianza kama mafua yasiyokwisha. Kisha kifua
kikawa kinapiga filimbi usiku.
Jumanne moja, kwenye mazoezi ya kwaya,
alipanda kuifuata noti ya juu, akaikosa,
kama mtu anayekanyaga ngazi ambayo haikujengwa.
Daktari akaandika: pumu.
Akauliza kama nyumbani anafuga paka.

Nikarithi aproni yake, ndoo yake, saa yake ya kengele.
Wiki ya tatu macho yalikuwa yakilia bila kuniuliza.
Nikachukua kisu cha siagi, nikalichana gazeti dirishani,
habari za mwaka juzi, tangazo la mbegu za viazi,
baridi ikaingia, nikainywa.

Muuguzi mkuu, Ārija Strode, akashuka na hasira zake,
bili ya joto mkononi.
Sikubishana. Dirisha nililifunga mwenyewe,
nikazamisha mpira, nikategesha saa,
nikamvutia kiti: "Tungoje ilie, ndipo tuongee."
Dakika ya pili alitoa leso.
Ya nne alikitazama kifuniko cha beseni, kilivyopasuka,
tulivyokiunga kwa plasta ya kufungia majeraha.
Ya sita alikuwa kwenye ngazi, anakohoa, ameshika ukuta.
Zilikuwa zimebaki kumi na nne.

Sisemi dunia ilipinduka. Glavu nene zilikuja,
saizi ya wakata magogo.
Kifuniko kikaja. Barua ya feni ilizunguka ofisi tatu,
ikapotea,
ikaandikwa tena, safari hii kwa wino mwekundu,
na Strode akaipeleka kwa miguu yake.
Mwezi wa tatu, barafu ikipasuka mtoni,
mafundi wakatoboa ukuta.

Jioni ile nilimpigia Skaidrīte. Siku hizi hasemi sana,
hutua katikati ya neno kama anayehesabu mishono.
Nikaielekeza simu kwenye feni. "Sikia."
Feni ikavuma. Upande wa pili, kimya,
na ile filimbi ya kifua ikija na kurudi.

"Iko chini," akasema. "Nusu sauti
chini ya noti."
Akavuta pumzi, akaipata, akaongeza:
"Iache hivyohivyo. Usiizime."